Zamu ya Watu wa Mkiani

Nimechoka kuwaambia watoto wafunge bomba. Kila Jumamosi huja kujifunza Kurani katika chumba chetu cha sala kule Forest, mtaa wa Brussels, chumba ambacho zamani kilikuwa gereji, na kila Jumamosi hutawadha huku maji yakimwagika kama mvua ya masika. Nawaambia tumefundishwa tusifanye israfu ya maji hata tukiwa kando ya mto unaotiririka. Wananitazama kwa adabu, wanafunga, na nikigeuka wanafungua tena. Siwalaumu. Wamezaliwa katika mji ambao mvua hunyesha bila kuombwa, na hakuna anayemuuliza jirani yake zamu ya maji imefika kwa nani.

Mimi nilizaliwa ndani ya zamu. Kwetu ni bonde la Ruzizi, upande wa Burundi. Anayetazama ramani huona mto mkubwa na ziwa, akadhani tulikuwa na maji tele. Lakini Ruzizi umezama chini ya kingo zake, na mashamba yako juu. Mto wetu sisi ulikuwa mwingine, mdogo, unaoshuka kutoka milimani. Kiangazi kikifika, huku chini tulikokaa ulibaki mchanga na mawe. Ng'ombe walipita katikati yake kama barabara. Kule juu, karibu na milima, bado ulikuwa unatiririka.

Ndiyo sababu ya mfereji. Babu yangu alikuwa mmoja wa waliouchimba, na alinisimulia mara nyingi, maana wazee hurudia yale yaliyowaumiza mgongo. Watu wa juu hawakuwa na haja ya mfereji, mto ulikuwa mlangoni pao. Waliokuwa na kiu ni watu wa chini. Basi walianza kuchimba kwao, chini, wakapanda kuelekea milimani kwa majembe, wakipima mteremko kwa ganda la mgomba lililotiwa maji. Walipofika kwenye mashamba ya watu wa juu wakasimama, wakaomba njia. Wakapewa kwa sharti moja: mchana maji yawe ya watu wa juu, usiku yawe ya watu wa chini. Upande wa juu tukauita kichwani, na upande wetu mkiani.

Walikubaliana wakiwa wamesimama ndani ya mfereji, miguu mitupu, mtu mmoja wa kichwani na mmoja wa mkiani, ili maji yapite kwenye miguu ya yule kisha yafike kwenye miguu ya huyu. Tangu siku hiyo ikawa desturi. Neno zito la maji halikusemwa na mtu aliyevaa viatu, wala na mtu aliyesimama pakavu. Kichwani wengi walikuwa Wakristo, mkiani wengi tulikuwa Waislamu, na desturi hiyo haikuwa ya dini yoyote. Nilimuuliza mwalimu wangu wa chuo cha Kurani kama ina ubaya. Akaniambia kwamba kusema ukweli si vibaya popote, uwe pakavu au majini.

Baba yangu alimwagilia usiku maisha yake yote. Alirudi kwa sala ya alfajiri akiwa na tope hadi magotini, na mama alikuwa amekwisha kumwekea kata ya maji kizingitini. Hiyo ndiyo picha yake niliyobaki nayo: mtu aliyechoka, akiosha miguu ili asimame mbele ya Mola wake.

Halafu vita vikatutawanya. Sitavisimulia hapa. Nilifika Brussels miaka ya elfu mbili ikianza, nikafagia ofisi za watu mpaka magoti yakakataa. Namshukuru Mungu kwa ofisi zile, na kwa magoti yaliyovumilia muda wote ule. Dada yangu mkubwa alifuata baadaye, akaja kukaa na binti yake Berchem-Sainte-Agathe, katika majengo yale marefu yanayofanana. Mwanawe wa kiume alibaki bondeni. Alikataa kuondoka. Analima mpunga katika shamba la marehemu baba yake, shamba la mwisho kabisa mkiani, na kaburi la shemeji yangu liko pembeni yake.

Mpwa huyo ndiye aliyenipigia simu siku moja mwezi wa Mei, miaka mingi baadaye.

"Mjomba, asalaam aleikum. Wanataka kutukata."

"Nani?"

"Kamati ya maji. Hii mpya, vijana watupu. Wanasema mkia uliongezwa juzijuzi, eti sisi tulikuwa tunapewa mabaki tu. Na mwaka huu mvua zimekuwa haba, mabaki hakuna. Wakifunga maji ya usiku, mimi nimekwisha. Nitauza jembe niende mjini."

Nilijua maana yake. Akiondoka yeye, hatabaki mtu wetu hata mmoja bondeni, na dada yangu, ambaye hulala na kuamka akitaja shamba lile, atakuwa na kaburi tu.

"Wanataka nini ili wasifunge?"

"Mashahidi wawili. Mmoja wa mkiani, mmoja wa kichwani, waliosikia habari kwa wachimbaji wenyewe. Kwa simu wamekubali, lakini miguu iwe majini. Hapa wamekwisha, mjomba. Wa mkiani yupo mama. Wa kichwani..." Akasita. "Wa kichwani unamjua."

Nilimjua. Alikuwa akikaa Uccle kwa binti yake, na dada yangu hakuwa amemsalimia tangu wakiwa vijana.

Baba wa mzee yule alikuwa mlinzi wa lango la mfereji. Mwaka wa ukame mkubwa, dada yangu akiwa ndiyo kwanza ameolewa na amejifungua, maji ya usiku yaliacha kuja. Mlinzi alisema mto umekauka. Mpunga wa dada ulikuwa umeshika mimba, umebakiza kidogo utoe masuke. Ukakauka umesimama. Watu wetu walisema mlinzi ameziba lango usiku ili wa kwake wapone. Hakuna aliyethibitisha. Dada hakuhitaji uthibitisho.

Nilianza na yeye. Nilimkuta akichambua mchele karibu na dirisha, mchele wa dukani usio na jiwe hata moja, lakini anachambua vilevile. Nilipomweleza, aliweka sinia chini.

"Mtoto wa mlinzi? Mimi nikae na mtoto wa mlinzi? Bora nife na kiu."

"Brussels hutakufa na kiu, dada. Atakayekufa ni mpunga wa mwanao."

Kisha akasema, "Una ulimi wa maalimu wewe. Kule msikitini wanakulipa kwa ulimi huo?"

"Hawanilipi."

"Nilijua." Akachukua sinia lake. "Nenda kamsikilize kwanza. Akikubali, uje uniambie. Akikataa, usije."

Basi nikaenda Uccle. Kutoka kwa dada ni upande wa pili wa mji, tena kilimani, na siku ile tramu ilikuwa imejaa, wala sikupata pa kukaa. Mtaa wao una miti mikubwa na ukimya mwingi. Nilimkuta mzee amekaa kwenye kiti chenye mito, rozari mkononi, miguu imevimba.

"Maalimu! Umepanda mlima wote huu na magoti yako hayo?"

"Nimepanda na tramu."

"Alors, iliyochoka ni tramu, si wewe."

Nilicheka, maana ni kweli kwamba nilikuwa nimechoka kuliko tramu. Nikamweleza haja yangu. Alisikiliza mpaka mwisho, akaizungusha rozari, akatazama nje kwenye miti.

"Babu yangu alinisimulia," akasema. "Najua nani alichimba. Lakini unajua unachoniomba? Nikisema mkia ndio wa kwanza, na usiku ni haki yao, wataniuliza habari za ule mwaka. Na nikiwa majini siwezi kudanganya."

"Ndiyo."

"Baba yangu alikuwa mtu mwema, maalimu."

"Alikuwa mwema. Alikuwa akinipa muwa nikitoka chuo."

"Voilà, ndivyo," akasema, na macho yake yakajaa. "Bon. Niache nisali kwanza."

Sikumhimiza. Mtu akisema anataka kusali, umhimize kwa lipi? Nilirudi kwangu nikangoja. Kungoja ndiyo kazi niliyoifanya muda mrefu kuliko zote, na bado sijaizoea. Mpwa alipiga simu, nikamwambia asubiri. Dada alipiga simu, nikamwambia asubiri. Akanijibu kwamba mpunga haujui neno hilo. Kamati ilikuwa imepanga kukutana Jumapili, watu wa kichwani wakishatoka misa.

Ijumaa, nikiwa ndiyo kwanza nimetoka msikitini, simu ikalia. Alikuwa mzee wa Uccle.

"Mlete. Lakini simwombi mtu msamaha kwa niaba ya marehemu baba. Nitasema nilichokisikia na nilichokiona, basi."

Nilimfikishia dada maneno hayo kama yalivyo. Akasema, "Nani amemtaka aombe msamaha? Mimi nataka maji."

Jumapili ilinyesha tangu asubuhi. Dada alivaa viatu vyake vizuri na mtandio mpya, kama anakwenda harusini. Tulibadilisha tramu mara mbili. Tulipokuwa tunapanda kile kilima cha mwisho alitazama nje akasema, "Huyu naye. Hata Ulaya amekwenda kukaa kichwani."

Binti wa mzee, ambaye ni muuguzi, alitufungulia mlango. "Karibu maman. Karibu tonton," akatuita mama na mjomba kwa Kifaransa. Mzee alijaribu kusimama. Dada alimwambia, "Kaa tu, mzee," kwa sauti isiyo baridi wala moto, na hiyo ikawa salamu yao ya kwanza tangu ujana.

Katikati ya sebule lilikuwa limewekwa beseni kubwa. Tulikuwa tumemweleza binti kwamba wazee watatia miguu ndani ya maji. Naye akafanya anavyomfanyia baba yake kila jioni, akatia maji ya uvuguvugu na chumvi. Tuliona ni sawa. Walikaa wakitazamana, wakavua viatu na soksi. Dada alipandisha gauni hadi kwenye kifundo, si zaidi. Miguu minne ya kizee ikaingia katika beseni moja. Nikapiga simu, nikaweka sauti wazi, nikaishika kati yao. Kiangazi saa za Brussels na za bondeni ni moja, kwa hiyo hakuna aliyemngoja mwenzake.

Sauti ya mwenyekiti wa kamati ilikuwa ya kijana. "Shikamooni wazee. Mko majini?"

"Tuko majini," akasema mzee.

Upepo wa kule ukavuma kwenye simu.

"Mbona hatuyasikii?"

"Hamsikii nini?"

"Maji, mzee. Maji ya mfereji yanasema. Hayo yenu yamenyamaza."

"Labda wametia miguu kwenye supu!" mtu mwingine akapaza sauti, na tukasikia watu wengi wakicheka.

Dada akainama juu ya simu. "Nani huyo anayecheka? Wa nyumba gani?" Kicheko kikakatika.

"Mtusamehe, mama," mwenyekiti akasema. "Tuko barazani kwa watu, lazima niulize. Hayo maji yanatoka wapi yanakwenda wapi?"

Hapo nikaona tulivyokosea sote watatu. Yalikuwa maji ya beseni. Hayakutoka kwa yule kwenda kwa huyu, yalikuwa yamesimama kati yao tu, tena yamepoa. Na mimi ndiye ninayewafundisha watoto kila wiki tofauti ya maji yaliyosimama na maji yanayopita. Nilimwomba mwenyekiti atupe muda kidogo.

"Muda wa nini?" akauliza mpwa wangu, ambaye sasa nilisikia yuko karibu na simu. "Mjomba, wanataka kuondoka hawa."

Binti wa mzee ndiye aliyetuokoa. "Papa, si kuna bafu la juu?"

Ilikuwa nyumba ya zamani, na bafu lake lilikuwa refu la chuma, bomba upande mmoja na tundu la kutolea maji upande wa pili. Kumpandisha mzee ngazi ilikuwa kazi. Binti alimshika mkono mmoja, mimi mwingine, na sijui kati yangu na yeye nani alikuwa anamshika mwenzake. Dada alifuata nyuma amebeba viatu vyake mkononi. Tulipofika, hakuna aliyempangia mwenzake mahali. Mzee alikaa kwenye ukingo karibu na bomba kwa sababu ndipo alipofikia. Dada akabaki na upande wa tundu.

Akamtazama. "Hata hapa," akasema. "Hata hapa ameshika lango."

Mzee alinyoosha mkono. Alifungua bomba. Maji yakaanguka kwa kishindo juu ya chuma, yakazunguka miguu yake, yakaenda hadi kwa dada. Dada akashtuka.

"Ya baridi!"

"Ya milimani," akasema mzee.

Kwenye simu sauti zilibadilika. "Aa, sasa tunayasikia," mwenyekiti akasema, na hakuna aliyecheka. "Sema, mzee."

Mzee alisema akiwa ameinamisha kichwa, polepole.

"Mimi ni wa kichwani. Baba yangu alilinda lango, na babu yangu aliwaona wachimbaji. Alituambia walisikia majembe siku nyingi kabla ya kuwaona watu. Mfereji ulikuja kwetu ukitoka chini. Sisi hatukuchimba, sisi tulitoa njia. Mchana wetu, usiku wao. Si mabaki. Usiku wote, mpaka jogoo."

"Na ule mwaka wa ukame?" mwenyekiti akauliza. "Tunaambiwa usiku ulifungwa na watu wa mkiani hawakudai. Asiyedai, mzee, ameachia."

Nilitazama mkono wake. Ulikuwa bado juu ya bomba. Maji yalikuwa yakipita. Nilisoma dua kimyakimya, nikimwombea yeye kuliko nilivyomwombea mpwa wangu.

"Ulifungwa," akasema. "Baba yangu aliufunga kwa mawe na magunia ya mchanga. Mpunga wetu nao ulikuwa unakufa, na sisi tulikuwa wengi nyumbani. Mawe nilibeba mimi. Maji yale hayakuwa yetu. Ndivyo ilivyo, na miguu yangu iko majini."

Dada alikuwa akitazama miguu yake mwenyewe. Nilidhani atalia au atatukana. Ilipofika zamu yake alisema bila kuinua uso.

"Mimi ni wa mkiani, nyumba ya mwisho. Tulidai. Nilikwenda mimi, nikapanda mfereji wote hadi langoni na mtoto mgongoni. Mlinzi akaniambia, mama, rudi, hakuna maji. Nikarudi. Kama kudai ni kupiga kelele, sikupiga. Nilikuwa mtoto wa watu." Tukadhani amemaliza. "Ila alimpa mwanangu maji ya kunywa, kutoka kwenye kibuyu chake mwenyewe. Kilikuwa kimebaki robo. Na hilo nalo mlisikie. Mtoto mwenyewe ndiye huyo aliyesimama hapo mbele yenu."

Kule bondeni walinong'onezana muda mrefu. Sisi tulingoja, maji yakipiga kelele kwenye chuma. Binti alikuwa mlangoni na taulo mbili mkononi. Magoti yalikuwa yananiuma, nikakaa kwenye kiti kidogo cha plastiki.

"Tumesikia," mwenyekiti akasema mwishowe. "Usiku unabaki wa mkiani. Ila kwa kiangazi hiki, maji yalivyo machache, tutaomba mtuachie usiku mmoja mmoja, si wote. Tunaomba, hatuchukui."

"Muulize mwanangu," akasema dada. "Shamba ni lake."

"Nimekubali, mama," sauti ya mpwa ikaja. "Umesikia? Nimekubali. Wanakwenda kufungua sasa hivi."

"Nimesikia. Nenda kasimame huko, usiwaachie peke yao."

Simu ikakatika. Nikasema alhamdulillahi. Mzee akafanya ishara ya msalaba, kisha akakishika kichwa cha bomba ili afunge.

"Acha kwanza," dada akasema.

Akaacha. Maji yakaendelea kupita, safi, mengi, hayaendi kwenye shamba lolote, yanaingia tunduni na kupotea chini ya Brussels. Somo langu la kila Jumamosi lilinijia hadi kwenye ncha ya ulimi. Nikalimeza. Dada alikuwa amefumba macho, miguu yake imekaa sawasawa pale maji yanapofika, na mzee alikuwa anamtazama, anamngojea.

Dada alipoona yametosha, akafumbua macho.

"Sasa funga," akasema.

Akafunga.